Ncha ya Pili

Leo dukani nimenusa kamba ya makumbi ya nazi, nikarudi kwa mawazo uani kwetu utotoni, wakati wa vita, askari wakichoma nyumba. Ngazi ya kupandia kuzima moto wa paa la makuti iliegemea ukuta. Kamba za makumbi za kuifungia zilijaribiwa kila Ijumaa: mama akishika ncha hii, baba ile, wakivutana na kucheka.

Baba alipovuka Ruvuma kwenda kupigana, mama alinipa mimi ncha ya baba.

“Vuta, mwanangu! Vuta kama baba yako.”

Nilivuta, kamba ikiniteleza, mpaka viganja vikawaka moto.

“Haya, ni nzima,” alisema, na kamba bado imelegea katikati yetu.

Ile kamba ya dukani nimeinunua. Nyumbani nimefunga ncha moja kwenye nguzo ya mlango, nikavuta ya pili mpaka ikakaza.