Friza ya Kwenda Nchi ya Baridi

Miguu miwili yenye soksi nyekundu inaning'inia nje ya friza, katika ghala lililo nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, Guangzhou, China. Ni saa nne asubuhi. Miguu inavutwa ndani, na kutoka humo sauti inaagiza kifuniko kishushwe.

"Nikufungie moja kwa moja tupumzike?" anatania Abdulsalam, muuza samaki wa Dar es Salaam.

"Funga, kaka. Wakala mwingine wa kukuvumilia utampata wapi?"

Kifuniko kinashuka, kisha kinafunguliwa. Evaline Mahona, mwanamke wa Tabora mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anachomoza akitikisa kichwa. Ameona uzi wa mwanga pembeni. "Laoban," anamwita mwenye ghala, yaani bosi, "hii siitaki. Panapopita mwanga, baridi nayo itapita."

Ndivyo anavyokagua mzigo wa wateja wake. Mwezi ukiwa mzuri, husafirisha friza arobaini kwenda Dar. Ila hii ya leo inakwenda Yakutia, Siberia, ambako baridi hufika nyuzi hamsini chini ya sifuri.

Waswahili wote wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini humo, wameshaipata habari. "Kesho utapeleka karafuu Pemba," Abdulsalam anamchokoza.

Mteja mwenyewe ni Aytalina, mwanamke wa huko anayenunua nguo kwenye soko la Shahe. Huja kula kwa Evaline, na huzungumza Kichina, cha kuokoteza kwa wote wawili. Siku moja, wakila wali na maharage, alisimulia kuhusu ardhi ya kwao.

Juu yake kuna majani na ng'ombe, lakini kiangazi huyeyusha ngozi yake ya juu tu. Chini yake udongo umeganda tangu enzi na enzi. Nyumba husimama juu ya nguzo, joto la jikoni lisije likailainisha ardhi. Wanasayansi huhesabu kuwa ni ardhi ya namna hiyo ile iliyokaa chini ya sifuri miaka miwili au zaidi mfululizo. Ndani yake mna mizizi na majani ya kale. Ikiyeyuka, huoza na kutoa gesi zinazozidi kuipasha dunia joto.

Kwa Aytalina, ardhi hiyo ni shimo la akiba ambalo baba yake alilichimba kwa shoka. Baba amefariki. Alama za shoka zimebaki ukutani, na mama huteremka kuchukua nyama, akakawia akizungumza na mumewe. Kiangazi kilichopita kuta zilianza kutoa machozi. Nyama iliharibika, na alama zikaanza kufutika.

"Tangu siku hiyo nalala hapa na jasho langu, ila roho iko kule," anasema Evaline. "Naota nashuka ngazi. Darini barafu imechanua kama maua. Nikipumua, pumzi yangu inabaki palepale inanitazama."

Aytalina alipotaka kumnunulia friza, mama aliikataa. Sanduku la dukani, alisema kwenye simu huku bintiye akitafsiri, halina mkono wa mume wake.

Evaline aliomba simu. "Mama, mzee hataguswa na friza. Kila ukifungua mlango kufuata nyama, joto linaingia nawe. Nyama tuiweke kwenye friza. Shimo ulifunge kiangazi chote, umwachie baridi yake."

Mama akauliza huyo anayezungumza ni mtoto wa nani.

Amekubali, kwa sharti moja: aliyeiuza aje mwenyewe mwezi Machi, ale samaki mbichi aliyeganda, akatwaye kwa kisu vipande vyembamba kama karatasi.

Friza ya pili haivuji mwanga. Evaline anaigonga mgongoni kama anayemuaga mtoto wa shule. Anafuatilia viza, na ameshanunua viatu vya manyoya vinavyomfika magotini. Jambo moja linamtia hofu: kuta zisimalizike kuyeyuka kabla hajafika.

"Kwanza tushuke shimoni wote," anasema. "Mimi na mdomo wangu huu, nitanyamaza. Nataka nimsikie mama akimsalimia mume wake, na nione ukuta umekauka. Huyo samaki nitamla tu, Mungu atanisaidia."