Baba mukubwa alisema Amina

Bandugu, niko natetemeka na hasira!

Baba tulimuzika juzi. Leo asubui kaka yake, baba mukubwa, anafika na bajamaa na pusupusu ya kubeba bintu. Eti mashini ya kushona ya mama iko ya ukoo.

Ya ukoo?! Mama alikuwa nayo mbele ya kuolewa!

Sasa munajua, kwetu Kamina mukutano ya jamaa haianze bila maombi. Baba mukubwa, na ile upole ya bongo, ya kudanganya batu: "Mama, utuombee kwanza."

Bote bakafunga macho. Mama, mwenye hakusema neno tangu maziko, akasimama.

"Mungu, weye njo unalindaka bajane. Hii mashini njo italisha batoto. Mwenye ataitosha humu nyumba na kuibeba, ajibu mbele yako. Mu jina ya Yesu."

Bote, na nguvu: "AMINA!"



Baba mukubwa akanyoosha mukono ku mashini. Shangazi, dada yake mwenyewe, akamupiga ku mukono: "Weye! Si umesema Amina?"

Pusupusu ilirudia bule. Mama iko nashona.

Mwenye anakatala hii tabia ya kunyanganya bajane, aandike Amina hapa chini.

Lakini afikiri kwanza. Baba mukubwa hakufikiri.