Hotpoti Iliyopanda Altareni

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Shule yetu ndogo ya bweni ya Kikatoliki, wavulana kwa wasichana, inakataza chakula cha nje. Jumapili mama alikuja na bodaboda kutoka kijijini kwetu Mabira, kaniletea hotpoti ya senene, wale panzi watamu wa kukaanga. Misa ilikuwa inaanza, mama akatangulia ndani kusali, nami nikaificha hotpoti mlangoni mwa kanisa, katikati ya ndizi za matoleo. Nikajiona mjanja kweli.

Wakati wa matoleo wavulana wa zamu wakabeba kila kilichokuwa pale. Hotpoti yangu ikapanda altareni, huku inanukia.

Kwenye matangazo Padri, ambaye ndiye mkuu wa shule, akaifunua akatabasamu. “Tunamshukuru aliyetukumbuka.”

Mama akasimama. “Samahani Padri, hao senene ni wa binti yangu Adelina, yule pale. Aliniambia niwalete kwa siri.”