Jinsi adabu yetu ya Kikamba ilivyokaribia kuua mbegu ya mahindi ya mama yangu

Wakuu wa humu ndani, salamu. Wazee kwa vijana, na nyinyi mnaosoma bila kuandika neno, nawasalimu zaidi kwa sababu mimi ni wa kabila lenu.

Leo nimeamua kutoa yangu. Nitakayosema niliyaona mwenyewe, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Sina faida ya kudanganya. Hii stori haina mahali inanifanya shujaa, nimeitafuta sijaipata.

Kwanza mnijue. Naitwa Kyalo, na kwa Kikamba hiyo ni safari. Mwaitu, yaani mama yangu, alinizaa akiwa njiani kutoka kwa dada yake. Nadhani hapo ndipo safari zangu zote zilipoishia. Wenzangu wa Form Four walikwenda Nairobi, wengine Mombasa. Mimi mwisho wangu ilikuwa Makindu, na nilirudi jioni hiyo hiyo kwa sababu nilikuwa nawaza kuku.

Cheti changu cha shule kilikuwa cha wale ambao headmaster anawapa mkono huku akiangalia anayefuata.

Lakini nilikuwa najua average. Kumbukeni hiyo.

Sasa twende.

Kwetu ni chini ya vilima vya Mbooni, ukishuka kutoka Kikima kuelekea Mukuyuni. Hii ilikuwa miaka ya themanini, bado tukihesabiwa Machakos, Makueni kama wilaya haijazaliwa. Ilikuwa misimu michache baada ya ile njaa ambayo tulikula mahindi ya njano ya msaada, na watu walikuwa bado wanaangalia mawingu kama mtu anayeangalia mbwa aliyemuuma.

Mwaitu alikuwa na mbegu.

Mahindi ya zamani. Punje nyeupe, nyekundu, na zingine karibu nyeusi, zote kwa gunzi moja kama watu waliopatana kwa shida. Aliyafunga kwa mafungu akayatundika juu ya moto jikoni, moshi uyapige mwaka mzima, mdudu asiguse. Alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake.

Baba yangu alikuwa amekufa. Ng'ombe hatukuwa nao. Kanisani Mwaitu alikaa benchi ya katikati, hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini mvua ikikaribia, wanawake wa kijiji kizima walikuja kwake kuomba mbegu, na siku hizo alitembea tofauti. Hata sauti yake ilishuka chini kidogo, kama ya mtu mwenye ofisi.

Basi akaja afisa wa kilimo. Nitamwita Bwana Mutinda, si jina lake. Kijana mpole mwenye pikipiki, aliyejua kusikiliza wazee hata wakirudia. Alileta mbegu mpya, nyeupe tupu, punje zote sawa kama meno ya kununua.

Aliongea na kikundi cha mwethya, wale wanawake wa kusaidiana kuchimba terrace, yale matuta ya kuzuia udongo. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Kioko, ambaye pia mumewe alikuwa shemasi, kwa hivyo akisema kitu ilikuwa ni kama kimesemwa mara mbili.

Mpango ulikuwa rahisi. Kila mama apande mbegu zote mbili, vipande vya ukubwa sawa, wakivuna wapime. Mbegu itakayoshinda ndiyo bonde zima litapanda.

Mnaweza kuuliza, kwa nini bonde zima? Kwa nini kila mtu asipande anayotaka? Ni kwa sababu mahindi si watu wa kukaa kwao. Vumbi la ua linabebwa na upepo, la jirani linaingia kwako, na baada ya misimu michache hakuna mbegu hii wala ile, kuna mchanganyiko tu. Afisa alisema ni lazima tuchague moja.

"Na itakayoshindwa iliwe," akasema Mama Kioko.

Mwaitu alikuwa hapo.

Mvua ikaja, mahindi yakakomaa, tukavuna. Afisa alileta mizani ya kutundika. Kwa sababu nilikuwa na Form Four, na kwa sababu vijana wengine wote walikuwa wametoka, mimi ndiye niliyepewa hesabu.

Wakuu, ile mbegu mpya haikushinda tu, ilipiga. Karibu kila shamba. Nilisimama mbele ya watu nikasoma average kama karani wa korti anayesoma hukumu, na anayehukumiwa ni mama yangu mzazi. Watu wakapiga makofi. Mama Kioko akatangaza kwamba mvua ya Oktoba, kijiji ni mbegu mpya peke yake.

Kufika nyumbani, nikamkuta Mwaitu amesimama juu ya kigoda anafungua mafungu ya mahindi juu ya moto. Sufuria ilikuwa chini tayari. Alikuwa anataka kuyapukuchua atengeneze muthokoi.

Mbegu ya bibi zake wote, wakuu. Itwangwe, ichemshwe, iliwe na maharagwe.

Nikakaa pale mlangoni. Nikauliza tu kitu kilichokuwa kinanisumbua tangu tupande. Mbona mbegu ya afisa aliipanda chini karibu na mtaro, mahali maji yanakusanyika, na yake akaipeleka juu kule kwa kokoto?

Aliniangalia kama nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Kyalo, mgeni akija kwako unamkalisha kwa mwiba?"

Mimi nikacheka. Halafu nikamwambia, "Mwaitu, shuka kwanza. Hiyo sufuria ingoje."

Kuna faida moja ya kuwa mtu asiyetoka kijijini: najua shamba la kila mtu vile padre anajua dhambi. Kesho yake nikazunguka. Sikuuliza mtu swali, niliangalia tu mabua yaliyobaki na kukumbuka niliyoyaona tangu tupande.

Kila mahali ni hivyo hivyo. Mbegu ya mgeni imekaa kwa mtaro, au karibu na boma la ng'ombe pale samadi inateremka yenyewe. Mbegu ya nyumbani iko kwa mawe, chini ya mti, kando ya njia ya mbuzi. Kwa mama mmoja ya nyumbani ilikuwa imepandwa mahali ambapo hata nyasi ilishakataa. Na ya mgeni ndiyo iliyopaliliwa kwanza, kila shamba. Mama Kioko mwenyewe alikuwa ameiongezea samadi kwa karai.

Hakuna aliyepanga. Hakuna aliyedanganya. Ni adabu tu. Sisi Wakamba mgeni ndiye anakula nyama, mwenye nyumba analamba mchuzi. Sasa tulikuwa tumechukua mtu aliyekula na mtu aliyefunga, tukawashindanisha mbio, halafu Kyalo akasoma average.

Average yangu ilikuwa sawa kabisa, hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma. Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Ilikuwa inapima terrace, sisi tukidhani inapima mbegu.

Siku ya soko nikashuka Mukuyuni kumtafuta Bwana Mutinda. Nilikuwa nimejitayarisha kugombana, na mimi kugombana lazima nijitayarishe. Lakini yule kijana alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa, akacheka mpaka muuza nyanya akageuka.

Akasema aliwaambia wapande zote mbili, hakuwaambia wapi. Akasema huko shuleni kwao walifundishwa hayo yote, mgawanyo na bahati nasibu, ila hakuna aliyewafundisha kwamba mbegu inaweza kukaribishwa kwa kiti.

Tukarudi kwa kikundi. Mama Kioko hakufurahi kurudia, lakini alipoulizwa juu ya lile karai la samadi alikohoa tu.

Mpango mpya: kila mama achague terrace moja. Nusu ya kushoto mbegu hii, nusu ya kulia mbegu ile. Ipi ikae kushoto isiamuliwe na mwenye shamba, iamuliwe na bahati. Afisa akatoa shilingi mfukoni, ile yenye kichwa cha rais, airushe kuonyesha.

Mama Kioko akasimama. Kwa kikundi chake hakuna kamari.

Afisa akamwambia kwa upole kwamba hata Yoshua aligawanya nchi kwa kura.

"Yoshua hakurusha kichwa cha rais," akasema Mama Kioko.

Afisa akairudisha shilingi mfukoni haraka, miaka hiyo hayo mambo hukuyajibu. Mwishowe tukakubaliana: punje mbili ndani ya kibuyu, moja nyeupe, moja nyekundu, mama anaingiza mkono bila kuangalia. Itakayotoka kwanza, mbegu yake inakaa kushoto. Mama Kioko akaomba kwanza, tukaendelea.

Halafu afisa akaongeza jambo ambalo nilidhani ni jua limempiga kichwani. Kwa mashamba machache, akasema, nusu zote mbili zipandwe mbegu ya Mwaitu. Kushoto ya Mwaitu, kulia ya Mwaitu, na wakati wa kuvuna zipimwe kila moja peke yake.

Nikamwuliza kwa siri, unalinganisha kitu na chenyewe, ili iweje?

"Nataka kujua haya mashamba yenu yanadanganya kiasi gani," akaniambia.

Mvua ya Oktoba kwetu ndiyo mvua yenyewe, lakini ya mwaka huo ilikuja na haraka ikachoka mapema. Mahindi yakajikaza. Baada ya kuvuna tukakutana tena uani kwa kanisa, mizani ikatundikwa.

Safari hii haikuwa kipigo. Shamba hili mbegu mpya iko mbele, lile ya Mwaitu iko mbele, lingine zimelingana mpaka mshale hautaki kusema. Nikapiga average. Mbegu mpya ilikuwa mbele kwa kidogo.

Mama Kioko akasema kidogo pia ni kushinda. Kwa mbio, aliyetangulia kwa pua ametangulia. Watu wakaanza kuitikia, na nikaona Mwaitu anakunja leso yake vile hufanya akitaka kuondoka.

Afisa akaniambia nisome yale mashamba ya mbegu moja.

Nikasoma. Kushoto ya Mwaitu, kulia ya Mwaitu. Mbegu ile ile, terrace ile ile, siku ile ile. Na tofauti zilikuwa kubwa kama zile zingine. Kwa shamba moja Mwaitu alikuwa amempiga Mwaitu vibaya sana.

Uwanja ukacheka. Mzee mmoja akauliza sasa Mwaitu aliyeshindwa ndiye tumle?

Mama Kioko hakucheka. Alikuwa anafikiria, na yule mama akifikiria unaona. Akasema polepole, "Kwa hivyo hiyo kidogo tuliyopata inaweza kuwa ni shamba tu. Hakuna mbegu hapo."

"Inaweza," akasema afisa. "Sijasema hakuna. Nasema kwa hii mizani yetu hatujaiona."

Nilitaka tuishie hapo. Lakini nilikuwa na jambo lingine mkononi na afisa alijua ninalo. Wakati wote mahindi yakiwa shambani nilikuwa nimezunguka, kama kawaida yangu, nikiangalia ipi imetoa maua kwanza na ipi imekauka kwanza. Na hapo mashamba hayakubishana. Kushoto au kulia, kwa mawe au kwa samadi, mbegu mpya ilitangulia. Kila shamba bila kukosa. Kwa zile nusu za Mwaitu na Mwaitu, zilitoa maua pamoja kama mapacha.

Nikasoma hayo pia. Sikupenda, lakini nikasoma.

Maana hiyo haikuwa shamba kuongea, hiyo ilikuwa mbegu. Na katika nchi ya njaa, mahindi ya haraka si kitu cha kudharau.

Ni Mama Kioko aliyeuliza, naye alikuwa akimwangalia afisa. Kama hizi mpya zinatoa maua mapema hivyo, tukipanda zote mbili siku moja, ule upepo wa vumbi la ua si utakuta ya Mwaitu bado imelala?

Bwana Mutinda alihesabu siku kwa vidole. Akasema ndiyo, kwa sehemu kubwa. Zikipandwa siku moja, moja inamaliza maua nyingine haijaanza, na mbegu ya msimu ujao ichukuliwe katikati ya shamba, mbali na mpaka. Yaani kile kitu kimoja tulichokuwa na uhakika nacho ndicho kilichoondoa sababu ya kuchagua.

Ikapitishwa zote mbili zipandwe. Hakuna ya kuliwa.

Wanawake wakamzunguka Mwaitu kumpa mkono, wakimwambia ameshinda.

"Sijashinda," akawaambia. "Nimekosa kushindwa. Hayo ni mambo mawili."

Halafu, wakuu, mama yangu, ambaye nilikuwa nimetembea bonde zima kumtetea, akamgeukia afisa akamwomba gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia, ya ile mbegu mpya. Ati anataka mahindi ya kuchoma ya mapema.

Nilipomwangalia akaniuliza, "Nini? Si wewe umesema ni ya haraka?"

Msimu uliofuata wanawake walikuja kuomba mbegu kwake, si wote, lakini wengi. Alikaa kwa kigoda, akashusha sauti, akagawa.

Funzo langu ni hili. Ukiambiwa kitu hiki ni bora kuliko kile, uliza kwanza kila kimoja kilikaa wapi. Na kabla ya kushangilia tofauti, pima kitu na chenyewe uone bahati peke yake inaweza kufanya nini. Nimeona watu wakilinganisha shule, madawa, hata wake wawili, na hakuna aliyeuliza nani alipandwa kwa mtaro na nani kwa kokoto.

Haya, wa university mko humu, nisahihisheni pale nimepotosha hesabu, sitakasirika sana. Na kama kwenu pia kuna kitu kilihukumiwa kwa average, leteni tuone.