Uso wa Baba Mkwe

Kazi yangu ni kuangalia nyuso za watu. Kompyuta inaniletea picha mbili kwa pamoja, nami nabonyeza: mtu mmoja, au watu tofauti. Kisha zinakuja nyingine mbili. Naifanyia sebuleni kwetu Ndandalo, mlango wazi, kakao imeanikwa uani, na kuku nawafukuza kwa mdomo bila kuinua macho. Picha zinatoka wapi sijui. Wengine wamekaa studio wakatabasamu, wengine wamepigwa picha kutoka juu bila wao kujua. Mkufunzi wetu, ambaye tulimwona kwenye kioo cha kompyuta tu, alisema tunaifundisha mashine, na mashine itawasaidia wachambuzi wa mambo ya usalama, wale wanaokaa ofisini kuunganisha taarifa: nani alivuka mpaka gani kwa jina gani, akarudi kwa jina gani. "Miaka michache ijayo," alisema, "hakuna mtu atakayepotea duniani." Tukaandika kwenye madaftari.

Alitufundisha vizuri, sitamsingizia. Usiangalie nywele wala nguo, hizo hubadilika. Angalia nafasi kati ya macho, matundu ya pua, mkunjo wa sikio. Na ukiwa na shaka, bonyeza tofauti. Nilikuwa hodari. Kila mwisho wa wiki walitoa orodha ya waliokosea kidogo, na sikuwahi kutoka kwenye nafasi tatu za kwanza. Niliringa, kwa nini nidanganye? Nilimaliza chuo Mbeya nikakaa miaka bila kazi, na sasa nilikuwa na kitu ninachokijua kuliko wenzangu.

Ila ulikuwapo uso mmoja nisioujua, na ulikuwa unalala nyumba ya pili kutoka kwangu.

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Tunaita kutila, kuogopa, lakini ni kuogopa kwa heshima. Wengi wa rika langu wameacha. Wanakula na wakwe zao meza moja, na kanisani wanabanana benchi moja. Mama mkwe wangu hakutaka kusikia. Siku niliyoletwa alinionyesha njia ya pili ya kwenda kisimani, inayopita nyuma ya migomba, akasema, "Ukimsikia anakuja, geuka, jifunike, mpe njia." Nikafanya hivyo miaka tisa. Mwanzoni niliona ni ushamba mtupu. Baadaye nikaipenda, maana katika mji ule hakuna aliyeniheshimu kama yule mzee ambaye hatukuwahi hata kusalimiana. Akifika kona ya banda alikohoa makusudi ili nipate muda wa kuondoka. Kikohozi chake nilikijua. Miguu yake niliijua zaidi, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini siku zote: kidole gumba cha kushoto kilichopigwa na jembe, kucha yake ikaota vipande viwili, na kandambili ya mguu huohuo, ambayo kamba yake ilikatika akaifunga kwa uzi wa nyavu wa buluu.

Masika ya mwaka jana alianza kusahau. Asubuhi moja alisema anakwenda Bujonde kuangalia mpunga wake, akaenda, asirudi. Bujonde hakuwa na shamba tena tangu mume wangu akiwa shule. Mume wangu akaja kutoka machimboni Chunya, wakamtafuta na majirani wiki mbili, Ipinda, Matema, mpaka Ikombe kwa mtumbwi, kwa kuwa mtu mmoja alisema kaona mzee amekaa kwa akina mama wafinyanzi, kando ya vyungu. Hakuwa yeye. Mume wangu akarudi kazini, ambako mtandao wanaupata Jumapili tu, wakipanda mlimani.

Siku ya Jumanne akanipigia mwenzangu wa kwaya, mama anayevusha mchele kwenda Malawi.

"Dada, ugonile. Niko huku Karonga. Hospitalini kuna mzee aliokotwa barabarani, hasemi kitu. Nesi kaniruhusu nipige picha. Mimi mkweo sikuwahi kumwona. Angalia uniambie sasa hivi, wanauliza kama ana watu."

Picha ikaingia. Mzee amelala chali, kifua wazi, shuka imeishia kiunoni, mdomo umeachama. Nikaigeuza simu, nikailaza kifudifudi mezani. Nikachukua nakala kivuli ya kitambulisho cha baba mkwe iliyokuwa kwenye Biblia ya mama mkwe, ambayo nayo sikuwahi kuitazama, nikaziweka pamoja kama kazini. Lakini sikutazama kama kazini. Nilitazama kwa jicho la pembeni, haraka, naona haya peke yangu sebuleni. Sikio sikulikuza. Nafasi ya macho sikuipima. Mmoja alikuwa na mashavu, mwingine hana. Nikawa na shaka, na mtu wa shaka nilijua anafanyaje.

"Si yeye," nikamwambia.

"Una hakika? Waonyeshe na wengine hapo."

"Hii ndiyo kazi yangu, dada," nikamjibu, tena kwa ukali.

Kumwonyesha nani? Niwapitishie majirani kifua cha mzee wa watu? Nikaifuta. Mama mkwe alikuwa uani anageuza kakao kwa mikono, macho yake yana mtoto wa jicho mwaka wa nne sasa. Akauliza kama ni mzee wake. Nikasema ni mtu mwingine, mama. "Ndaga, Kyala," akamshukuru Mungu, akaendelea kugeuza.

Wiki mbili zikapita. Yule mwenzangu hakutulia, akarudi hospitalini kuuliza. Mzee alikuwa amekufa siku ya tatu baada ya picha ile, akazikwa pamoja na wasio na watu. Mfagizi alikuwa amebakiwa na kandambili za mzee. Mwenzangu akazipiga picha, akanitumia. Uzi wa buluu. Sikuhitaji picha ya pili ya kulinganisha.

Tulikwenda, mimi na mume wangu. Mlinzi wa makaburi akatuonyesha mstari wa matuta yaliyolainishwa na mvua, vijiti vimelala. "Hapo," akasema, "au pale." Mume wangu hajanilaumu hata kwa neno moja, na ningeshukuru angenilaumu. Mwenzangu naye picha ile alishaifuta siku ileile, baada ya mimi kumwambia ni mgeni.

Kazi bado naifanya. Bado nimo kwenye tatu za kwanza.

Mama mkwe nilimweleza yote, kwa kupiga magoti. Siku ya tatu akaniita nikakae naye jikoni, akanishika mkono.

"Mimi sioni, na sura yake imeanza kunitoka," akasema. "Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Alikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Nikamweleza kidole gumba, kucha yenye vipande viwili, ile kamba aliyoifunga mwenyewe.

"Miguu naijua, mwanangu," akasema. "Nakuuliza uso."