Mlinzi wa Barieri ya Mvua

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimesimama kwenye matope na koleo mkononi, peke yangu, mzee mmoja akanigombeza kwa kutengeneza barabara. Ndiyo, kwa kuitengeneza. Usicheke kwanza.

Nilikuwa kijana, miaka ile ya Zaire, nikilinda barieri ya mvua kwenye barabara ndogo inayoachana na njia kubwa karibu na Marabo na kuingia vijijini. Kazi yenyewe ni hii: mvua ikinyesha unashusha mti mrefu katikati ya njia, malori yanasimama mpaka udongo ukauke, ili magurudumu yasichimbe mashimo. Madereva walinitukana kwa lugha zote walizozijua. Mke wangu Kavira, mzaliwa wa Butembo, aliwauzia ugali na maharage wakiwa wamenuna, na wakishashiba matusi yalipungua. Tuliishi palepale, kwenye nyumba ya udongo kando ya barieri, na nasema kweli, nilikuwa mtu mwenye furaha.

Barabara ile ilikuwa ya kwetu. Chifu alikusanya kodi ya soko, na sehemu yake ilibaki kuwalisha kantonye, wale wanaume wa jembe na koleo ambao kila mmoja alikuwa na kipande chake cha barabara cha kutunza. Kipande cha mbele ya barieri kilikuwa cha Mzee Ngabu, mtu mkavu, asiyecheka ovyo. Mimi chifu alinilipa chumvi, sabuni na fedha kidogo, tena kwa kuchelewa. Lakini mfereji ukiziba, tulijua mlango wa kugonga.

Kisha wakaja wakubwa wa mkoa. Walisema barabara zote sasa zitatunzwa na mkoa: kodi ya soko iende Kisangani, makao makuu ya mkoa, na Kisangani italeta wafanyakazi, mashine na mishahara. Tulipiga makofi. Mimi nikaitwa pembeni, nikaambiwa mlinzi wa barieri atakuwa mtu wa serikali, mwenye mshahara wa kila mwezi. Nilikubali hapohapo. Kavira alikuwa nyuma yangu, anasonga ugali, na sikugeuka hata kumwuliza.

Ajabu ni kwamba mshahara wangu ulikuja. Nilikwenda Bunia, nikapanga mstari, nikarudi nao. Vilivyokosa kuja ni vingine vyote. Kantonye hawakuona hata jembe jipya, wakaacha kazi, kila mtu akarudi shambani kwake, na nani angewalaumu? Amri ya kufungua barieri sasa ilitoka Kisangani, ikapita Bunia, ikanifikia matope yamekwisha kuwa vumbi. Mashimo yakawa mabwawa. Malori yakapungua mwezi hata mwezi, mpaka likaja la mwisho, na Kavira akapanda.

Nilimwomba abaki. "Ngojea kidogo," nilimwambia, "mushahara iko inaingia kila mwezi."

Alipanga sufuria zake juu ya magunia, akaniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Weye iko na mushahara," alisema. "Siye tulikuwaka na barabara."

Mwanangu, hujajua upweke mpaka ulipwe kulinda barabara isiyopitwa. Mvua ikinyesha nilishusha barieri, amri ikifika niliipandisha. Kwa ajili ya nani? Kuku walipita chini yake. Jioni nilipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, nikala kidogo, kingine kikalala. Wanakijiji walinisalimu kwa adabu, "Jambo, sitwayen," neno la ofisini la wakati ule, maana yake raia, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyeketi.

Ndipo nikachukua koleo. Niliwaza: nikifukia mabwawa haya mpaka njia kubwa, lori litaingia, na lori likiingia Kavira atarudi. Nilifanya kazi mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyekuja kunisaidia, nikawakasirikia wote moyoni. Asubuhi ile niliyokutajia mwanzoni, Mzee Ngabu akaja, akasimama kwenye ukingo wa mfereji, mikono nyuma.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu alinituma, Baba. Niko natengeneza barabara yetu."

"Hii kipande ni ya nani?"

"Ni yako, Baba."

"Uliniuliza?"

Nilichomeka koleo kwenye matope.

"Bale bakubwa ya Kisangani banaamuaka bila kutuuliza," alisema, "na weye vilevile. Umekuwa mukubwa sawa na bale. Leta koleo. Kesho ukuje kijijini, ukae chini, uulize."

Nilimpa koleo. Nilirudi nyumbani nikalia, sioni haya kukuambia, maana nilijua si yeye tu niliyeacha kumwuliza.

Kesho yake nilikwenda, nikakaa chini, nikauliza. Maneno yalikuwa mengi, mengine makali, na niliyastahili. Mwishowe tulimwendea chifu pamoja: kabla kodi ya soko haijaenda mbali, sehemu ya koleo na chumvi ibaki hapa. Alisita sana, aliwaogopa wakubwa. Akakubali kwa mdomo tu, bila kuandika. Kantonye wakarudi kwenye vipande vyao, barabara ikafunguka, si nzuri kama zamani, lakini lori liliingia.

Dereva aliniambia Kavira ni mzima, ana meza yake sokoni Butembo. Nikamtumia neno kupitia dereva huyo, na safari hii lilikuwa swali: unataka kurudi? Jibu lilikuja na lori lililofuata. Alishukuru kwamba nimemwuliza, na akasema hapana.

Leo naishi peke yangu hapa Rwambuzi, mtaa wa Bunia, na nyinyi vijana mnakuja kuniambia kwamba mambo ya mkoa wetu wa Ituri yaamuliwe hapahapa Ituri. Nafurahi kusikia. Lakini mwanangu, akija mtu kukuahidi kwamba atakutunzia shule, hospitali au maji, usimwulize tu ataleta nini. Mwulize kodi yako italala wapi, na siku bomba likipasuka utagonga mlango wa nani. Na siku wewe ndiye utakayeamua, usidhani kwamba kuzaliwa hapa kunatosha. Mimi nilizaliwa Ituri hii hii, na nikafukia kipande cha Mzee Ngabu bila kumwuliza. Anza na aliye karibu zaidi, huyo anayesonga ugali nyuma yako.

Mungu akupe nyumba yenye watu wa kuulizwa, mwanangu, na akugeuze kichwa kabla hawajapanda lori.