Siagi ya Akoth na Majina Mapya ya Kemia

Siagi iliyochacha ina harufu inayoingia kwenye nguo na kukaa. Kwetu Uriri harufu hiyo ilianzia jikoni, pale Mama alipotundika kibuyu cha kusukia maziwa, na mwaka ule wa tisini na kitu nilipokuwa kidato cha nne ilinifuata hadi darasani, kwa sababu dada yangu Akoth ndiye aliyesuka maziwa asubuhi kabla ya shule, na mikono yake haikutakata hata kwa sabuni. Tulikaa dawati moja. Alikuwa amefanya mtihani Homa Bay, akakosa alama za kuingia chuo cha uuguzi, na Baba akamrudisha nyumbani arudie mwaka katika shule yetu ya kutwa. Baba alilisema jambo hilo mara moja tu, akiwa anakula, bila kuinua kichwa: ukishindwa tena, utaenda kushona nguo sokoni na mama yako mdogo. Akoth aliutaka uuguzi kuliko mimi nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kilichomzuia kilikuwa kemia, na ndani ya kemia ile mada ya asidi za kaboni, na ndani ya mada hiyo kichwa chake kigumu.

Kosa, kama ni kosa, lilianzia Homa Bay. Huko alifundishwa na sista mmoja mzee aliyependa Kilatini kuliko kemia yenyewe, na sista huyo aliwaeleza kila asidi ilikotoa jina. Fomiki ni ya chungu wale wadudu, maana watu wa kale walichemsha chungu wekundu kwenye maji wakaivuna kutoka mvuke wake. Asetiki ni ya siki. Butiriki ni ya siagi iliyochacha, na kaproiki ni ya mbuzi, kwa kuwa inanuka kama beberu. Akoth alirudi nyumbani na majina hayo kama mtu aliyerudi na ndugu zake. Alinipeleka kwenye mpera nyuma ya choo, akavuruga chungu kwa kijiti, akaniambia ninuse ule ukali unaopanda puani. Akanipeleka kwa jirani ninuse beberu. Nilinusa, nikakohoa, nikamwambia nimeelewa, na bado kesho yake alitaka nirudi.

Wakati huo silabasi ilikuwa imeshahama. Mwalimu wetu wa kemia, kijana aliyetoka chuo kikuu juzi tu na ambaye bado alipiga pasi soksi, alituandikia majina mapya ubaoni: methanoiki, ethanoiki, propanoiki, butanoiki. Alisema ni hesabu tupu, kaboni moja, mbili, tatu, nne, na kwamba mtahini hatakubali jina lingine. Akoth aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa nini nne inaitwa buta?"

"Kwa sababu ni nne."

"Lakini tano inaitwa penta, kama kwa hesabu. Nne si ingekuwa tetra?"

"Akoth, andika."

"Nitaandika, mwalimu. Nauliza tu nitalishika wapi, maana halina harufu."

Darasa likacheka. Mwalimu akaweka chaki chini, akajifuta mikono kwa utaratibu wa mtu anayejizuia. "Mtahini hanusi karatasi," akasema, na kuanzia siku hiyo wavulana wa nyuma walimwita dada yangu Beberu.

Mimi ndiye niliyebaki na kazi ya kumnyoosha. Jioni alikaa kwenye kigoda, kibuyu mapajani, akikiyumbisha mbele na nyuma huku maziwa yakilia ndani yake, na mimi nikiwa mlangoni na kitabu, nikiuliza naye akijibu. Kaboni moja? Chungu. Akoth. Haya, fomiki. Jina jipya! Methanoiki, nyaminwa, dada yangu, usinipigie kelele, siagi itakataa kushikana. Kaboni nne? Hapo alikuwa akichovya kidole kwenye mdomo wa kibuyu na kuninyooshea, kana kwamba hilo ndilo jibu. Nilifunga kitabu nikaondoka mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mama alisema tu kwamba tunaichosha siagi. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani nilimsihi, nikamwambia ukiwa muuguzi utaita kila kitu jina unalotaka, lakini kwanza uwe muuguzi. Akaniahidi. Siku ya karatasi ya kemia alitoka chumba cha mtihani ametulia, akaniambia alikumbuka methanoiki na ethanoiki, ila zilizofuata zilimpotea, na badala ya kuacha nafasi wazi aliandika anachokijua, majina ya sista. Nilitaka kumpiga. Matokeo yalipokuja, kemia ilikuwa imemwangusha kwa daraja moja, na Baba hakurudia maneno yake, kwa sababu hayakuhitaji kurudiwa.

Mimi nilipita, na sijui kilinisaidia nini. Tangu hapo nimehama kama mtu anayefukuzwa: Migori mjini, Kisii, Sirare, sasa Isebania, ambako nauza mchele na mitumba na kulala katika vyumba vya kupanga visivyonizoea. Mwaka jana, mchana mmoja wa mvua nikisubiri lori, nilikuta kamusi nene ya Kiingereza mapokezi ya gesti. Pembeni palikuwa na mtungi wa gesi umeandikwa butani. Nikaitafuta, kwa uvivu tu. Ikanielekeza kwenye butiriki. Butiriki ikanielekeza kwenye siagi. Na siagi, kwa Kigiriki cha zamani, ilikuwa jibini ya ng'ombe. Nilisoma mara mbili, kisha nikakaa na hasira ambayo haikuwa na wa kumwangukia. Lile jina jipya lilitoka kwenye jina la kale. Dada yangu aliuliza swali lenye jibu, na darasa zima, na mwalimu, na mimi nikiwa wa kwanza, tulimwambia aandike.

Wiki iliyofuata nilikwenda Oyugis. Akoth ana duka la maziwa lala, yale ya mgando, huko, karibu na soko, na kushona aliacha zamani. Nilimkuta akiwasha jiko la gesi, nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama. Alisikiliza huku akichemsha chai ya maziwa, bila kugeuka.

"Kwa hiyo nne ni siagi," akasema.

"Ndiyo."

"Na pale jikoni nilipokunyooshea kidole?"

Akapunguza moto, akanimiminia kikombe, akaketi.

"Kunywa, nyaminwa," akasema. "Hata huo moto wa butani uliochemsha hiyo chai una ng'ombe ndani, na sisi wote tulikuwa hatujui."